Hitilafu ya Kifuniko

Fundi Miwani aliteremka ngazi za paa kinyumenyume, kamera kaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa mchuzi, na mkewe akamwambia kutoka jikoni kwamba chakula kiko karibu kuiva. "Napita kwa Dada mara moja," akajibu. Alibisha hodi kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akaingia, akaiweka kamera juu ya kigoda kando ya kitanda. Ilikuwa imezibwa kwa kifuniko chake, kisha ikatiwa ndani ya mfuko mweusi wa kitambaa. Akabonyeza kitufe kupitia kitambaa, akageuka atoke. Dada yake alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya mapaja.

"Wazee hawajambo?" akamwuliza.

"Hawajambo. Leo wametulia, hakuna upepo."

"Nisalimie."

"Salamu zitafika, Dada," akasema, akaufunga mlango nyuma yake, akaenda kunawa mikono.

Hao Wazee ni nyota. Mchana Fundi Miwani alikuwa akipima macho ya watu na kusaga vioo vya miwani katika duka lake la njia panda, lakini jua likizama alipanda juu ya paa na darubini yake kupiga picha za mafungu tufe. Fungu tufe ni nyota laki kadhaa zilizokumbatiana zikawa duara moja, katikati pamesongamana, pembeni pametawanyika. Ni nyota kongwe kuliko jua, na mwanga wake uliofika kwenye paa la Fundi uliondoka huko kabla binadamu hajajua kulima. Wenzake walipenda mwezi, na wengine sayari zenye pete. Yeye alisema mwezi ni wa kila mtu, kila anayeinua kichwa anauona, ila wazee wale wanahitaji mtu wa kuwafuata. Dada yake aliposikia kwamba ni wakongwe hivyo akaanza kuwatumia salamu, na tangu hapo nyumba nzima ikawaita Wazee.

Wapiga picha za nyota wana kazi moja ambayo mtu wa nje akiiona atacheka. Wakimaliza kupiga picha za anga, hufunika kamera na kupiga picha za giza, zenye urefu uleule wa muda, na kwa makini yaleyale. Sababu yake si uchawi. Kila kamera ina madoa yake, vinukta vinavyowaka hata pasipo kitu, na njia ya kuyajua ni kuinyima mwanga kabisa uone inachokuonyesha. Kisha kompyuta huchukua picha hizo za kifuniko na kuzitoa kwenye picha za nyota, kama mtu anayeondoa uzito wa chombo kwenye mizani. Kinachobaki ndicho anga.

Shida ya Fundi ilikuwa taa ya barabarani. Kifuniko cha kamera yake kilikuwa cha plastiki nyembamba na mwanga ulikuwa ukipenya. Ndipo Dada alipomshonea ule mfuko, tabaka tatu za kitambaa cheusi, mshono umekunjwa mara mbili, maana cherehani alikuwa nacho chumbani na muda alikuwa nao. Hata hivyo Fundi hakuridhika, akatafuta mahali penye giza kuliko pote nyumbani. Hapakuwa na haja ya kutafuta mbali. Dirisha la chumba cha Dada lilikuwa limepigiliwa ubao miaka mingi, kwa kuwa lilitazamana na ngazi za jirani.

Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake, kwa hiyo inafaa tuiseme ila ya nyumba hii mapema. Dada alikuwa na kifafa. Ndiye aliyemlea Fundi baada ya mama yao kufariki, akambeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado msichana, akamshonea sare, na usiku wa joto alimlaza juu ya mkeka uani na kumwonyesha nyota asizozijua majina, akizipa majina ya majirani. Fundi alipofungua duka lake aliwaalika watu wa maana, naye Dada akaja amevaa gauni alilojishonea kwa siku hiyo. Akaanguka katikati ya wageni, mbele ya kabati la fremu. Povu likamtoka, gauni likalowa. Mgeni mmoja aliuliza, kwa upole tu, huyu ni nani. Fundi akasema, "Ni msichana wa kazi."

Alikuwa na mvi tayari, huyo msichana. Na waliodhani hasikii walikosea, maana alikuwa ameshaanza kupata fahamu. Jioni hiyo alifua gauni, akalianika, na tangu kesho yake kengele ya mlango ikilia yeye huinuka na kuingia chumba cha nyuma. Hakuna aliyemwamuru. Mlango ule haukuwahi kuwa na kufuli wala komeo, na watu wa nyumba hii walipenda kujikumbusha jambo hilo.

Basi usiku huo, vyombo vilipoondolewa mezani, Fundi alifungua kompyuta palepale alipokuwa amekula akaanza kupitia picha. Zile za Wazee zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Kisha akafungua za kifuniko, ambazo kwa kawaida ni weusi mtupu na vinukta viwili vitatu. Katika ya kwanza alimwona dada yake. Ameketi kitandani, mikono mapajani, kitambaa kichwani, anatazama mbele. Katika ya pili pia. Katika zote alikuwemo, na hakuwa ametikisika.

Fundi alichoangalia kwanza ni kama picha imekaa sawa, maana kazi ni kazi. Ilikuwa imekaa sawa. Mkewe alikuja akijifuta mikono, akainama begani kwake.

"Wifi katoka vizuri," akasema. "Kifuniko kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Na mfuko?"

"Na mfuko."

"Muonyeshe basi, atafurahi. Hana picha hata moja, maskini."

Fundi alisema atamwonyesha. Ilikuwa kweli kwamba Dada hakuwa na picha hata moja, ingawa kamera haikukosekana mkononi mwa ndugu yake. Kisha akafanya kile ambacho kila mpiga picha za nyota hufanya. Akaiambia kompyuta itoe picha za kifuniko kwenye picha za nyota. Kompyuta haina undugu na mtu, ikatoa kila ilichoambiwa. Kilichobaki kilikuwa fungu tufe zuri ajabu, nyota za dhahabu na za samawati zimesongamana, na katikati yake pengo jeusi lenye umbo la mwanamke aliyeketi. Ukingo wake ulikuwa mkali kama uliokatwa kwa mkasi. Pindo za kitambaa cha kichwa zilionekana, na vidole.

Alirudia kazi. Siku iliyofuata alipiga picha za kifuniko ndani ya kabati la nguo, zikatoka safi, akazitoa kwenye picha za nyota badala ya zile, na pengo likabaki palepale. Limeshakaa, akajisemea. Na kwa kuwa maktaba ya mji ilikuwa ikingojea picha yake kwa maonyesho ya Chama cha Wapiga Picha za Anga, na kwa kuwa hakuwahi kupiga picha bora kuliko ile, akaichapisha kubwa, akaitia kwenye fremu, akaipeleka. Tusimsingizie: njiani alifikiria kurudi. Lakini alikuwa ameshawaambia watu kwamba anayo.

Mwenyekiti wa Chama, ambaye riziki yake ni kung'oa meno, aliitazama picha kwa muda, mikono nyuma.

"Huyu mama aliyeketi ni nani?"

Maktaba ilikuwa na watu. Mkutubi alikuwa karibu na kalamu mkononi, tayari kuandika kibandiko cha chini ya picha. Fundi aliiona ile kalamu.

"Ni hitilafu ya kifuniko," akasema.

"Hitilafu yenyewe imejifunga kitambaa kichwani," Mwenyekiti akasema, bila ubishi. "Lakini wewe ndiye mwenye kamera." Akamwambia mkutubi aandike: *Fungu tufe, pamoja na hitilafu ya kifuniko.* Mkutubi akaandika kwa mwandiko mzuri.

Watu waliipenda picha ile kuliko zote. Walisema nyota wameziona, lakini nyota zenye mtu hawajaziona. Baada ya muda mkutubi alimpigia simu Fundi kumjulisha kwamba yule mtu wake hana saa maalumu. Mara yupo, mara hayupo. Akiondoka, nyota hujaa mahali pake hadi usijue palikuwa na pengo. Akirudi, huzimika moja moja kuanzia miguuni. Wageni wanaomkosa hukaa kwenye viti wakisubiri. Mkutubi hakuwa analalamika, alitaka tu kujua kama kuna utaratibu wa kuwatangazia wasomaji.

"Hakuna utaratibu," Fundi akasema.

Utaratibu ulikuwepo, na mkewe aliugundua bila hata kwenda maktaba. "Wifi akiwa chumbani, yumo kwenye picha," alisema akichambua mchele. "Akitoka kuja jikoni, hayumo. Jambo lenyewe ni jepesi. Akishinda huku na sisi, picha yako itakuwa nzima."

Fundi akamtazama.

"Usinitazame hivyo. Mimi sikumficha mtu. Nilipoolewa nilimkuta ndani."

Binti yao Kitinda, aliyekuwa akisomea uuguzi, aliinua macho kwenye kitabu chake. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa shangazi yake vidonge asubuhi na jioni, na kwa vidonge hivyo Dada hakuwa ameanguka tangu Kitinda akiwa shule ya msingi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Na hapa hata maradhi yenyewe yameshatulia, Baba. Tunaficha nini?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Alichokuwa nacho Fundi ni aibu, na aibu ikikaa muda mrefu hugeuka mazoea, mtu akaipisha kama anavyopisha kabati lililowekwa vibaya ukumbini. Aliona aibu kwa sababu ya Dada. Kisha akaona aibu kwa kuona aibu. Kisha akawa haoni tena ipi ni ipi, ila kila kengele ilipolia na kusikia ndara za Dada zikienda haraka ukumbini, alikazana kufanya jambo jingine, kukunja gazeti, au kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Dada hakuwahi kuomba kitu kikubwa. Alikuwa na ombi moja tu, na alilitoa kwa mzaha ili asimtie mtu taabu: apande paani siku moja awaangalie Wazee kwa jicho lake mwenyewe. "Salamu nimetuma za kutosha," alikuwa akisema. "Hata wao watakuwa wanauliza mtumaji yuko wapi." Fundi alikuwa akijibu kesho, au mawingu yakipungua. Paa lao lilionekana kutoka kwa majirani wote, na akilini alikuwa akimwona dada yake kaanguka pale juu, mbele ya madirisha yote, ingawa Dada hakuwa ameanguka kwa miaka.

Baada ya swali la Kitinda, Fundi hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda chumba cha nyuma kabla ya kazi, akasimama mlangoni. Chumbani mlinuka mafuta ya cherehani.

"Dada, Jumamosi nakupandisha juu."

Dada aliacha kushona. "Jumamosi hii?"

"Hii hii. Jua likishazama tu, Wazee wanakuwa wamesimama vizuri."

"Wewe mdogo wangu usinichezee."

"Sikuchezei."

Ile wiki Dada alishona koti, kwa sababu alisikia kwamba juu kuna upepo. Akatoa viatu vyake sandukuni, vile vya siku ya kufungua duka, visigino havijaliwa hata kidogo, akavipaka rangi hadi vikang'aa. Kitinda alimwambia hakuna haja ya viatu, ni paani tu. Dada akamwambia mtu haendi kwa wazee na ndara.

Jumamosi ikafika na anga ikawa safi. Fundi alipanda mapema akaiweka darubini, akawatafuta Wazee, akawapata, akalikaza jicho la darubini mahali pake ili Dada asihangaike. Alikuwa na furaha, jambo lisilo la kawaida kwake, na aliteremka ngazi mbilimbili kama kijana. Dada alikuwa anangoja chini na koti lake, mkono mmoja kwenye ukuta. Fundi akamshika mkono wa pili. Kitinda alikuwa nyuma yao. Wakaanza kupanda, taratibu, kwa sababu viatu vilikuwa vigumu na Dada alikuwa akicheka.

Hawakuwa wamefika nusu ya ngazi kengele ya mlango ilipolia.

Dada akasimama. Kicheko kikamtoka usoni, kikamwachia sura tulivu, ya mtu anayejua kazi yake.

"Endelea, Shangazi," Kitinda akasema. "Mama atafungua."

Dada hakumtazama Kitinda. Alimtazama mdogo wake. Lilikuwa linahitajika neno moja, na halikuwa neno gumu. Fundi aliuachia mkono wake.

"Ngoja kidogo nione ni nani," akasema.

Dada akainama, akavua viatu ili visipige kelele ukumbini, akateremka navyo mkononi. Mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa polepole. Kitinda alibaki ameketi kwenye ngazi, na baba yake akampita bila kumwangalia.

Alikuwa Mwenyekiti na wanachama wawili, wamebeba picha imefungwa kwa blanketi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mwenyekiti akasema mlangoni kwa uchangamfu. Maonyesho yalikuwa yamekwisha na Chama kilikuwa kimeamua kuileta picha wenyewe, kwa heshima. Wakaomba nyundo. Wakaitundika sebuleni, ukutani mbele ya makochi, ukuta ambao upande wake wa pili ni chumba cha nyuma. Walipoondoa blanketi, nyota zilikuwa zinamalizia kuzimika, na umbo lilikuwa limeketi.

"Leo amevaa koti," mmoja wa wanachama akasema.

Mwenyekiti alisogea karibu. "Na viatu anavyo mkononi," akasema. "Kama anayetoka safari, au anayekwenda."

Mke wa Fundi alileta chai. Wageni wakanywa wakiangalia picha, wakajadili ubora wa nyota za ukingoni, wakamsifu Fundi. Mmoja aliuliza kama wangepanda paani kuona darubini, nayo ilikuwa tayari, jicho limekazwa, Wazee wamesimama vizuri. Wakapanda wote watatu. Kila mmoja aliinama akaangalia, akasema ni jambo kubwa, akampisha mwenzake. Waliporudi chini waliaga, na Mwenyekiti alipofika mlangoni aligeuka akaipungia picha mkono. Umbo halikupunga. Lakini lilikuwa na adabu ya mtu anayesikiliza.

Walipoondoka Dada alitoka. Alikuwa na koti bado, miguu mitupu. Akaja kusimama mbele ya picha, na kwa kuwa alikuwa ametoka chumbani, pengo lilikuwa limejaa. Fungu tufe lilikuwa zima, duara lote, kila nyota mahali pake.

"Mbona simo?" akauliza.

"Ukiwa huku, humo," Fundi akasema.

"Aa." Alikaribia, akawatazama Wazee kwa muda mrefu, akawaamkia kwa sauti ya chini. Kisha akainama kusoma kibandiko, ambacho mkutubi alikuwa amekiacha kwenye fremu na hakuna aliyekumbuka kukibandua. Alisoma polepole, kidole chini ya maneno. "Hitilafu ya kifuniko," akasema. "Ndiyo mimi hiyo?"

Mke wa Fundi akaanza kukusanya vikombe, akaacha.

"Si neno," Dada akasema. "Zamani nilikuwa msichana wa kazi."

Hakusema kwa uchungu, na hakuwa akimpiga mtu kijembe. Alisema kama mtu anayelinganisha nguo mbili alizowahi kupewa. Fundi Miwani aliangalia sakafu, akatamani ipasuke, nayo ilikuwa sakafu nzuri ya saruji aliyoimwaga mwenyewe, haikupasuka. Alitaka kusema nisamehe. Akasema, "Nitakibandua."

"Kiache. Kina mwandiko mzuri." Dada akajifunga koti. "Juu nitakwenda siku nyingine. Leo mmechoka na wageni."

"Kesho," Fundi akasema.

"Kesho," Dada akakubali. Akatazama tena picha, safari hii akatabasamu. "Lakini bahati iko kwangu. Nyie wa nyumbani na mimi tunawaona Wazee wote. Wageni wanaona pungufu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Habari za picha zilienea, watu wakawa wanakuja nyumbani kuiona, hata wasiojua nyota ni nini. Waliambiana kwamba mtu wa kwenye picha ya Fundi Miwani haondoki kamwe. Maktabani alikuwa akitoroka, lakini nyumbani ametulia. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuliona fungu lile zima, kwa kuwa ili waingie lazima wabonyeze kengele, na kengele ndiyo iliyomketisha. Wengine walimzoea wakawa wanamsalimia. Mama mmoja mteja wa miwani alikuwa akimletea maua, akiyaweka chini ya fremu, akimweleza habari za mume wake. Alisema mtu yule anajua kusikiliza. Upande wa pili wa ukuta, Dada alikuwa akisikiliza kweli, na baadaye alimwuliza Kitinda kama yule mume amepata nafuu.

Mawingu yalikuja, yakaondoka. Fundi aliendelea kupanda paani. Picha za kifuniko alizipiga kabatini sasa. Koti la Dada lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na viatu vilirudi sandukuni.

Siku moja magharibi Fundi alirudi kutoka dukani na sanduku la vioo vipya, zito, mikono miwili imejaa. Hakuweza kuchukua ufunguo. Akabonyeza kengele kwa kiwiko.

Dirisha la sebule lilikuwa wazi, pazia limesogezwa kwa ajili ya joto. Alimwona dada yake kwenye kochi kubwa, miguu juu ya kigoda kilekile cha kamera, kikombe mkononi, akimsimulia Kitinda jambo, na Kitinda amejikunja kwa kicheko. Ukutani juu yao Wazee walikuwa wote, laki kwa laki, wanang'aa. Hakuwahi kuiona sebule yake hivyo kutoka nje, kama mpita njia. Ilikuwa sebule ambayo mpita njia angetamani kukaribishwa.

Kisha kengele ikamfikia Dada. Aliweka kikombe chini katikati ya neno. Akaziingiza nyayo kwenye ndara, akapita ukumbini, na Fundi akamwona Kitinda akisema kitu na kumshika nguo, na nguo ikateleza. Nyota zikaanza kuzimika kuanzia chini, miguu, magoti, mikono juu ya mapaja.

Dirisha lilikuwa wazi. Angesema tu, "Dada, ni mimi." Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni, alihisi hata uzito wake, na aliona vizuri jinsi ambavyo baada ya kuyasema angelazimika kuingia na kukutana na macho yake, na kujieleza kwa nini anayasema leo na si kwenye ngazi, na si pale dukani. Akasimama na sanduku lake kizingitini. Alingoja mpaka kitambaa cha kichwa kikawa cheusi na umbo likawa limetulia. Kisha akaifuta miguu.

Kitinda akafungua. "Kumbe ni wewe, Baba. Mbona hukusema?"

"Mikono imejaa," akasema.

Kitinda alimtazama, akachukua kikombe cha shangazi yake kilichokuwa bado kina moshi, akaenda nacho jikoni. Fundi aliweka sanduku mezani. Aliketi kwenye kochi, mahali palipokuwa pangali na joto la mtu, akaelekeza uso kwenye picha. Umbo lilimtazama, au lilitazama mbele.

"Shikamoo, Dada," akasema.

"Marahaba," sauti ikajibu nyuma ya ukuta, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika sebuleni. "Umerudi, mdogo wangu. Huyo mgeni ameshaondoka?"

Fundi Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Bado," akasema.